Mwambie wa Kajjansi Hapana

Akikupigia simu mteja wa Kajjansi kesho asubuhi, akakuambia breki za gari lake zinalia na kwamba sifa zako zimemfikia, mshukuru, mpe namba ya fundi mwenzako aliye karibu naye, kisha mwambie hapana. Najua itakuuma. Mwenye nyumba anadai kodi, na elfu arobaini ni elfu arobaini. Lakini wewe unaishi Ntinda, sanduku lako la spana liko Ntinda, na kati yako na Kajjansi umelala mji mzima wa Kampala kama ng'ombe aliyegoma njiani. Utaondoka saa mbili, utafika saa nne, utakuta pedi za mbele zimekwisha na saizi yake hukubeba. Utamtuma mtu wa boda Kisekka, kwenye maduka ya spea, utamngoja, mvua itanyesha, utarudi kwako usiku. Siku nzima, gari moja. Hilo ndilo linalowamaliza mafundi wetu wa kutembea. Wateja wapo tele.

Sikuandikii ili nikuhimize uamke mapema. Unaamka mapema tayari, na jogoo wa Kigoowa ni shahidi. Wala sikuandikii uongeze bidii, maana bidii unayo mpaka mgongo umepinda. Nakuandikia kwa sababu nimewaona vijana wenye mikono ya dhahabu, wanaosikia injini ikikohoa mtaa wa pili na kukwambia plagi ipi imekufa, wakifanya kazi miaka minne na mwisho wakauza jeki ili walipe ada ya mtoto. Ufundi walikuwa nao. Hawakujua tu wanauza nini.

Turudi nyuma kidogo, hadi Busia. Miaka ya 1960 na 1970, pale mpakani kati ya Uganda na Kenya, palikuwa na kipande kifupi cha barabara kati ya kituo cha forodha cha upande huu na cha upande ule. Basi halikuvuka, na mizigo ilikuwa mizito. Vijana wenye baiskeli wakafunga mto kwenye karia wakaanza kuita abiria: boda, boda! Hakuna hata mmoja kati yao aliyesema atampeleka mtu Nairobi. Walikata kipande kile kile, wakarudi, wakakata tena, siku nzima. Leo jina lao linatamkwa kutoka Kampala hadi Lamu. Utajiri wa safari fupi inayorudiwa ni uvumbuzi wetu sisi wenyewe, hatukuusoma kwa mtu. Ajabu ni kwamba fundi wa kutembea, ambaye naye anaishi kwa magurudumu, amelisahau somo hili na kujifanya basi la masafa marefu.

Tupige hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu, weka zako. Jumatatu umefanya magari matatu: moja Ntinda, moja Kajjansi, moja Mukono. Ufundi elfu 40 kila moja, jumla laki na elfu 20. Petroli ya kigari chako kikuukuu imekula elfu 60. Umebaki na elfu 60, na saa nyingi za siku hiyo umezitumia kushika usukani badala ya spana. Jumanne umefanya magari manne, yote kati ya Ntinda na Kiwatule. Laki na elfu 60, petroli elfu 10. Umebaki na laki na nusu, na saa tisa alasiri umeshanawa mikono. Bei ni ile ile, ufundi ni ule ule, ila ulichobeba nyumbani ni mara mbili na nusu. Nani atakwambia tena kwamba tatizo ni wateja wa Kampala kupenda bei ya chini?

Sasa simama pale makutano ya Ntinda utazame huku na huku, kama mwindaji anayelijua pori lake. Upande mmoja Kijiji cha Mawaziri, mageti marefu na magari mawili matatu kila ua. Ukishuka, unafika Nakawa na Barabara ya Jinja, ukipita eneo la viwanda lenye ofisi na vigari vya kusambazia bidhaa. Kule Naguru na Bukoto kumejaa nyumba za ghorofa ambazo eneo moja la maegesho lina magari kumi na tano. Huku Kiwatule, mbele yake Najjera na Naalya, watu wa mishahara wanaorudi nyumbani usiku wakiwa wamechoka. Kyambogo kuna chuo kikuu kizima. UNEB, wale wasimamizi wa mitihani wanaowanyima watoto wetu usingizi, ofisi zao ziko hapa hapa Ntinda. Kila gari lililoegeshwa mahali hapo kutwa nzima ni gereji inayongoja fundi. Mwenye gari yuko ndani anafanya kazi yake, nawe uko nje unafanya yako, na saa kumi na moja anatoka anaona karatasi chini ya waipa: sevisi tayari. Hiyo ndiyo raha unayomuuzia, na raha hiyo ina bei.

Lakini raha peke yake haitoshi. Kuna bidhaa nyingine unayoiuza, na nadhani hii ndiyo kubwa kuliko zote.

Fikiria Premio ile nyeupe unayoiona kila asubuhi. Ilipokuwa Japani ilikuwa na maisha ya nidhamu. Sheria ya kule inataka gari jipya la abiria likaguliwe likitimiza miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili. Ukaguzi wenyewe ni ghali, hata wengi huona afadhali wauze gari likianza kuzeeka, na hiyo ni sababu moja ya sisi huku kuyapata kwa bei tunayoimudu. Basi gari likapanda meli, likashuka Mombasa, likaendeshwa au likapakiwa hadi Kampala. Redio inayozungumza Kijapani ilikuja nalo. Ratiba ilibaki kule. Mwenye gari mpya, mtu mwema, mwalimu au mhasibu, analitia mafuta na kuliosha Jumamosi, na anadhani amelitunza. Oili atakumbuka taa nyekundu ikiwaka. Filta ya hewa ya ndani ya gari, ile iliyojificha nyuma ya kisanduku cha dashbodi, hajui hata kama ipo, ndiyo maana AC inanuka vumbi la barabara zetu za murramu.

Wewe ndiye ratiba yake. Na mahitaji hayapungui. Tangu 2018 sheria ya Uganda imezuia kuingiza magari yaliyopita miaka 15 tangu kutengenezwa, lakini yale yaliyokwisha kuingia hayajaenda popote. Yako barabarani, yanazeeka pamoja nasi, na mzee anahitaji mtu wa kumkumbusha dawa.

Ndiyo maana kifaa chako cha kwanza ni daftari, kabla ya skana na kompresa. Kila gari lipewe ukurasa wake: namba, injini, kilomita za leo, oili uliyotia, unene wa pedi ulioupima, tarehe ya betri. Halafu ukokotoe. Dereva wa gari la kukodishwa kwa programu ya simu, tuseme anakwenda kilomita 150 kwa siku, atamaliza kilomita 5,000 kwa wiki tano au sita hivi. Mtu wa ofisini anayekwenda kilomita 30 kwa siku atazimaliza kwa zaidi ya nusu mwaka. Ukiwa na madereva 20 wa aina ya kwanza na wenye magari 60 wa aina ya pili, hapo una sevisi kama 24 kwa mwezi, karibu moja kila siku ya kazi. Unazijua tarehe zake kabla hazijafika! Sevisi moja kwa siku haikufanyi tajiri, ni kweli. Lakini huo ni msingi wa nyumba. Juu yake zinakuja pedi ulizoziona zimebaki milimita tatu, mkanda ulioanza kupasuka, betri ya mwezi wa mvua, na jirani wa mteja aliyekuwa anachungulia ukutani. Lenga kuuongeza msingi huo maradufu. Fundi mwenye daftari huwapigia wateja. Asiye nalo hungoja kupigiwa, na anayengoja hupigiwa na wa Kajjansi.

Piga simu wewe. "Nnyabo, habari za asubuhi. Ni fundi wako wa Ntinda. Kwa hesabu yangu Noah yako imekaribia kilomita zake. Nije Alhamisi ukiwa kazini, au Jumamosi ukiwa nyumbani?" Huulizi kama anataka. Unauliza siku gani. Nimemsikia fundi akifanya hivi, na mama yule, aliyekuwa amekwisha kusahau, akamjibu, "Mungu akubariki, ssebo, njoo Alhamisi." Mtu anakubariki kwa kumtoza pesa! Ni biashara ngapi zina bahati hiyo?

Haya, tuje kwenye jeraha. Kampala haiwaamini mafundi wake, na tusijidanganye kwamba inawaonea bure. Mimi mwenyewe niliwahi kuacha gari asubuhi kwenye gereji moja, kwa tatizo la taa tu, na jioni nikarudishiwa gari lenye taa nzima na betri nisiyoijua. Yangu ilikuwa na miezi minne. Ile mpya ilikuwa na kutu. Niliuliza, nikaapiwa, nikaondoka. Sikurudi tena, na watu niliowasimulia nadhani wamefika hamsini. Tangu siku hiyo, kama nusu ya mji huu, gari langu likitengenezwa nasimama hapo hapo na jua langu na kiu yangu, namlinda fundi kama polisi.

Sasa tazama ulivyojaliwa wewe: unafanya kazi uani kwa mtu, machoni pake, askari wa geti anakutazama, mtoto amekuja na kigoda. Kile ambacho gereji inapaswa kuapa, kwako kinaonekana tu. Usiipoteze zawadi hiyo. Kila spea kuukuu unayoitoa, mpe mwenyewe mkononi, hata kama inamchafua. Piga picha filta ya zamani ikiwa kando ya mpya, umtumie kwa WhatsApp. Injini ya 1NZ, ile ya cc 1500 iliyomo kwenye Toyota nyingi za hapa, inachukua lita 3.7 za oili pamoja na filta. Umenunua chupa ya lita nne, kwa hiyo zimebaki mililita 300. Zifunge vizuri, uziweke kwenye buti ya mteja, umwonyeshe. Ni oili ya shilingi elfu chache. Fundi mwingine angeondoka nayo, na mteja anajua angeondoka nayo.

Na uache ile desturi ya kuficha ujira wako ndani ya bei ya spea. Wote tunaijua: pedi zimenunuliwa elfu 70, mteja anaambiwa laki na ishirini, halafu "ufundi nipe chochote, boss". Umejifanyia nini? Umemfundisha mteja kwamba kazi ya mikono yako ni "chochote". Atakapogundua bei ya dukani, na atagundua, kwa kuwa shemeji yake ana duka Kisekka, atakuja siku nyingine na spea zake mwenyewe, tena feki, na atakupa hicho chochote ulichokiomba. Andika risiti yenye mistari miwili. Spea: bei hii, risiti ya duka hii hapa. Ufundi: bei hii. Uutaje mstari wa pili kwa sauti ile ile uliyotajia wa kwanza. Atashtuka mara moja. Mara ya pili atalipa. Mara ya tatu atakutetea kwa jirani yake.

Pesa ya spea itangulie. Hili halina mjadala. Tangu MTN ilete pesa za simu Uganda mwaka 2009, mteja aliye mkutanoni anaweza kukutumia fedha za pedi kabla hajafunga mdomo. Fundi anayenunua spea kwa mtaji wake na kungoja "nitakutumia kesho" amegeuka benki isiyo na riba. Uwe na laini mbili za simu kama unaweza, moja ya fedha za spea, nyingine ya ujira, ili usije ukala ugali wa radieta ya mtu. Na kutoka kila ujira, tenga kidogo uweke fungu la makosa. Siku moja utavunja stadi ya gurudumu, au kilainishi kitavuja kwenye zulia la mtu. Utalipa siku hiyo hiyo, bila kelele, na mteja huyo utakuwa naye mpaka gari liwe chuma chakavu.

Daftari lile lile lina kazi nyingine wengi hawaijui. Makao makuu ya URA, mamlaka ya kodi, yako Nakawa, jirani kabisa na sisi, na bado tunayaogopa kama yako mwezini. Mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo yasiyozidi milioni 150 kwa mwaka ana utaratibu wake mwepesi wa kodi, na ndani ya utaratibu huo mwenye kumbukumbu zilizoandikwa hutozwa nafuu kuliko asiye nazo. Ukiwa na namba ya mlipakodi na risiti, ile kampuni ya eneo la viwanda yenye vigari kumi inaweza kukupa kazi. Bila hivyo, mhasibu wao hana jinsi ya kukulipa hata akikupenda.

Jifunze pia kukataa kazi, siyo ya mbali tu. Kufungua giaboksi kwenye ua wa mtu, juu ya mchanga, ni kutafuta msiba. Kubaliana na gereji moja unayoiamini: wewe unawapelekea kazi nzito, wao wanakupa fungu lako, na gari likitoka kule linarudi kwenye ukurasa wake wa daftari. Ukikuta nyaya za rangi ya chungwa chini ya boneti ya hybrid, hizo ni za umeme mkubwa, usizishike mpaka usome. Chuo cha ufundi cha Nakawa kiko hapo hapo mlangoni pako, usione haya kurudi darasani ukiwa na ndevu. Na tafadhali usimwage oili ya kawaida ya otomatiki kwenye giaboksi ya CVT. Premio ya otomatiki ya umbo lililotoka 2007 ina CVT, ilhali dada yake ya 2005 ya cc 1500 haina, na mteja hawezi kukwambia tofauti. Kosa hilo moja linameza ujira wa miezi.

Kitu kinachodharauliwa zaidi kwenye sanduku ni mita ya umeme. Gari haliwaki, na mtaa mzima unapiga kelele betri, betri! Wewe nyamaza upime. Betri nzima iliyopumzika huonyesha volti kama 12.6. Washa injini kwa kuchomekea, upime tena: ikipanda kwenye 14 hivi, alternata inachaji. Isipopanda, hata ukinunua betri ya dhahabu itakufa Ijumaa. Kumwambia mtu "usinunue betri, ssebo" huku mfuko wako unataka faida ya betri, ni tangazo ambalo hakuna redio ya Kampala itakayokuuzia.

Tandika turubai chini ya gari. Stendi mbili chini ya chasi kila mara, usilale uvunguni mwa gari lililoshikwa na jeki peke yake, nimekuomba. Oili chafu irudi kwenye dumu lako, isiende mtaroni. Mitaro ya pande zetu huishia ziwani, kwenye Ghuba ya Murchison, na Ggaba ndiko yanakovutwa maji wanayochemshia chai wengi wa mji huu. Ukiondoka pakiwa safi kuliko ulivyopakuta, askari wa geti atakuwa wakala wako bila mshahara. Mpe soda mara moja moja.

Msimu wa mvua ukikaribia, Machi na tena Septemba, usingoje. Waipa, tairi zilizokwisha, taa, maji ya breki ambayo hufyonza unyevu na yanapaswa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Andika ujumbe mmoja mfupi, utumie kwa kurasa zote 80. Watajibu kumi. Kumi wa Ntinda, Kijiji cha Mawaziri, Kiwatule, wanaokaa karibu hivi kwamba unaweza kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine kabla chai ya kwanza haijapoa.

Kesho saa moja kamili uwe umefika kwenye geti la kwanza, boneti iko juu, daftari liko kwenye bampa limefunguliwa ukurasa wa gari hilo, oili nyeusi inatiririka kwenye beseni. Simu ikiita, iache iite. Kaza kwanza nati ya kutolea oili.